Baba Mkwe Ana Ugonjwa wa Sukari na Hataki Kuacha Siriali ya Mjukuu Wake

Mpendwa Mama Kaluki,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu jambo langu ukilisikia juu juu utacheka, utasema huyu mama wa Gatongora amekosa la kuandika ndiyo anatuandikia habari ya siriali, zile za sanduku zenye rangi rangi ambazo watoto humwagiwa maziwa asubuhi wakienda shule, lakini kwangu mimi hizo siriali zimekaribia kunivunjia nyumba, na mzee ninayempenda kama baba aliyenizaa anataka kunihama.

Naitwa Wilkister, kwetu ni Siaya, na nimeolewa na Mburu, mtu wa huku. Tuna mtoto mmoja wa kike, yuko gredi ya kwanza, na tulimwita Ngendo kwa sababu kwa Wakikuyu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya bwana, na mama mkwe wangu alikuwa akiitwa hivyo hivyo Ngendo, mama mpole sana, alinipokea bila kuniuliza kabila. Sasa mama huyo alituacha mwaka juzi. Bwana yake, yaani baba mkwe wangu, Mzee Kinyanjui, akabaki peke yake kule Gatuanyaga na mbuzi zake, na kila tukienda kumwona tunakuta amepungua, shati linaning'inia, jikoni hakuna hata majivu ya moto. Ukimuuliza, baba umekula nini, anasema, "Nimekunywa chai," na ukichungulia sufuria ni chai ya rangi ya jana. Mburu akasema hapana, akampa jirani mbuzi amchungie, tukamleta mzee hapa kwetu Gatongora, Ruiru.

Mama Kaluki, nilipika. Nilipika mukimo, nikapika githeri nikaiponda kwa sababu ya meno yake, nikapika hata samaki ya kwetu nikimtolea miiba, na yeye anaonja kijiko kimoja, anasema, "Asante mama, imetosha," anarudi kukaa kwa kiti chake pale getini anaangalia barabara. Uji ndio hakutaka hata kuuona. Mburu aliniambia mama yao alikuwa anampikia uji kila asubuhi ya Mungu tangu waoane, na tangu amzike hajaweka uji mwingine mdomoni.

Halafu asubuhi moja nikiwa nasuka nywele za Ngendo mezani, huyo mtoto akasukuma bakuli lake la siriali mbele ya babu yake akamwambia, "Guka, onja zangu. Chukua zile za red, ndizo tamu." Sisi tunaziita vipete kwa sababu ziko na shimo katikati. Mzee akamwangalia, akachukua kijiko, akala. Akala tena. Ngendo akacheka maziwa yalipomdondokea mzee kidevuni, na mzee naye akacheka, mara ya kwanza nasikia kicheko chake ndani ya nyumba yangu, nikaingia chumbani nikalia kwa furaha na kichana bado kikiwa mkononi.

Kutoka siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Mzee alikuwa anamwita Ngendo "mke wangu," kwa sababu ya jina, unajua vile wazee wa huku hutania wajukuu, na kila asubuhi unamsikia, "Mke wangu ameamka? Aje tule." Nikaanza kununua yale masanduku makubwa. Juu yake imeandikwa nafaka kamili, imeandikwa vitamini na madini, kuna picha ya mtoto ameinua misuli, nikajua nimepata dawa. Mzee akawa anakula asubuhi, na saa nne akisikia njaa anakula tena, na jioni kama chakula cha usiku hakimpendezi anaongeza bakuli. Akanenepa. Kanisani wamama walinishika mkono wakisema, Wilkister umemtunza mzee.

Lakini akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka kulima. Akajikata kidole cha mguu na jembe akipalilia sukuma wiki yangu nyuma ya nyumba, na kile kidonda kikakataa kupona. Halafu Jumapili moja tulisimama kuimba, nikaona ameshika benchi kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka, akakaa chini kabla ubeti haujaisha. Tukampeleka kliniki. Wakampima damu, sista akaangalia ile mashine, akaangalia mzee, akampima tena.

"Mzee, unakula nini asubuhi?"

Baba akajibu na kujivuna, "Mimi nakula chakula ya watoto. Iko na vitamini."

Sista akanivuta kando ya mlango, akaniambia sukari iko juu sana, ataanza tembe, na hizo siriali za sukari zikome kabisa pamoja na soda na mkate mweupe, akasema kidonda cha mguu kisichezewe, kuna watu wamekatwa mguu kwa kuchelewa.

Nilirudi nyumbani. Nikachukua sanduku la vipete nikalifunga ndani ya sanduku langu la nguo. Asubuhi nikamwekea mzee uji wa unga wa duka bila sukari, na Ngendo nikamwambia akule vipete vyake jikoni ndiyo guka asivione akatamani. Mzee akakaa mezani peke yake. Akaangalia uji. "Asante mama," akasema, akainuka. Siku ya pili hivyo hivyo. Hakuuliza kitu, hakugomba, na hiyo ndiyo iliniumiza, afadhali angenipigia kelele.

Sasa wiki iliyopita nilienda kuanika nguo nikasikia kicheko nyuma ya tangi la maji. Nikawakuta wawili wamechuchumaa, Ngendo amejaza vipete kwa mfuko wa sweta ya shule, anampa mzee kimoja kimoja mkononi na wao wanavitafuna vikavu. Mama Kaluki, sijui ni hofu gani ilinishika, nilipiga kelele, nikampokonya mtoto zile siriali nikazirushia kuku, nikamwambia Ngendo, "Unataka kuua guka wako?" Mtoto akaanza kulia. Mzee akainuka polepole akishika ukuta, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimgombeze. Ni mimi nilimtuma."

Kwetu mtu hamkemei baba mkwe. Hata macho yake huyaangalii ovyo. Na mimi nilikuwa nimempigia kelele akiwa amechuchumaa kama mtoto.

Jioni akamwambia Mburu anataka kurudi Gatuanyaga mwisho wa mwezi, kwamba mbuzi zinamhitaji. Mburu akanijia chumbani, amekasirika, "Mzee alikuwa amekufa akafufuka, na kile kilichomfufua wewe unakificha kwa nguo? Si umwache tu akule. Amebakisha miaka mingapi?" Tangu siku hiyo hatusemezani vizuri. Nikimpa mzee vipete namuua, nikimnyima anaenda kujifia peke yake kwa ile nyumba baridi. Niambie nifanye nini, nimechoka kulia na sitaki mtoto wangu akue akijua ni yeye alimwua guka wake.

Wako,
Wilkister, Gatongora

MAMA KALUKI ANAJIBU

Wilkister mwanangu,

Sijacheka. Nimekusoma mara mbili na chai yangu ikapoa.

Kitu cha kwanza kabla hujafuta machozi: leo hii, mtoto akitoka shule, mpakate umwambie hajamwua mtu. Alimwona babu yake hali chakula, akamgawia kilicho chake. Mkumbatie, umwambie ulikuwa umeogopa, na mtu mzima akiogopa wakati mwingine hupiga kelele vibaya. Usingoje kesho kwa hilo.

Sasa kuhusu vipete. Ulifanya sawa kuvitoa, na usivirudishe. Mimi si daktari, na sista wako amekwisha kusema, lakini acha niongeze uzito kwa sababu naona ndani ya nyumba yako kuna anayefikiri ni jambo la mchezo. Siriali ya aina hiyo ni nafaka iliyosagwa na kupikwa kiwandani mpaka makapi yote yakaisha, halafu ikapakwa sukari. Ikifika tumboni haikai. Inaingia kwenye damu mbio, sukari inapanda, na baada ya muda mfupi njaa inarudi. Ndiyo maana mzee alikuwa anarudi mezani saa nne, ukidhani amepata hamu ya kula. Vitamini zinaweza kuwa zimo kweli, zimetiwa, lakini haziondoi sukari iliyo pale pale. Picha ya mbele ni ya kuuzia. Wewe geuza sanduku, soma ubavuni vile vilivyochanganywa. Kinachotajwa mwanzo ndicho kingi, na ukiona sukari, sharubati, asali au molasi, vyote hivyo ni ndugu wa tumbo moja. Sisemi kila siriali ni mbaya. Shayiri ya kawaida isiyotiwa kitu ni chakula kizuri. Nazungumza juu ya hizi zako za rangi nyekundu.

Na kama hazimfai mzee, kwa nini ulimpa mtoto azile jikoni? Hapo umenishangaza. Unamficha guka asitamani, lakini mtoto wa gredi ya kwanza unamwachia sukari ile ile kila siku ya shule. Meno yake ni ya nani? Njaa inayomshika kabla ya mapumziko ni ya nani? Toa hizo siriali nyumbani kabisa, wote muache pamoja. Akiomba siku ya sikukuu mpe bakuli dogo kama vile unavyompa keki, mambo yaishe.

Lakini kosa lako kubwa, na nakwambia kwa upendo, lilikuwa kumhamisha Ngendo mezani. Umeandika mwenyewe kwa mkono wako kwamba mzee alikuwa akiita, "Mke wangu ameamka? Aje tule." Mama, huyo mzee alikula na mkewe kila asubuhi ya maisha yake, akamzika, kisha Ngendo mwingine akamsukumia bakuli. Ungemwekea hata mawe siku hiyo angeyatafuna. Wewe ukaondoa bakuli na ukamwondoa Ngendo kwa wakati mmoja, ukamwachia uji wa unga wa duka na kiti kitupu. Mimi pia ningeinuka.

Kisha nimetafuta katika barua yako nzima mahali ambapo mtu mmoja, hata mmoja, alimketisha Mzee Kinyanjui akamweleza ugonjwa wake. Sijaona. Sista alikuvuta kando ya mlango. Wewe ukaficha sanduku kwenye nguo. Mburu akakuja kukugombeza chumbani. Mnamwongelea mzee kila pembe ya nyumba isipokuwa mbele yake, na huyo ni mtu aliyelea familia na kuongoza boma.

Kwa kuwa ulituachia namba ya simu, na kwa kuwa kidonda cha mguu hakiwezi kungoja gazeti litoke, niliamua kupiga. Wasomaji wanisamehe, leo jibu langu lina sehemu mbili, hiyo ya juu niliyoiandika kabla ya simu, na hii niliyoiandika baadaye. Ulishika wewe, ukampa Mburu simu. Akanisalimia vizuri, kisha akaniambia lile lile alilokuambia: "Lakini mama, mzee amebakisha miaka mingapi?"

Nikamwuliza, "Na hiyo iliyobaki unataka aitembee na miguu mingapi?"

Nilisikia pikipiki ikipita huko kwenu, ikaenda ikaisha. Halafu akasema, "Sikuwa nimefikiria hivyo." Nikamwambia akae na baba yake, wanaume wawili, amweleze neno kwa neno vile sista alisema, asimfiche kwamba sukari huharibu mguu, macho na figo, na wewe mkamwana uliyelelewa kumheshimu baba mkwe usibebeshwe maneno ambayo mwana ndiye anapaswa kuyasema.

Alikaa naye Jumamosi, pale pale getini. Wewe ulinisimulia baadaye kwa simu ukiwa na sauti ya mafua ya kulia, na nitayaandika hapa kwa ruhusa yako kwa sababu najua kuna nyumba nyingi kutoka Ruiru mpaka Thika zenye mzee anayefichwa ugonjwa wake. Mburu alipomaliza kusema, mzee aliuliza swali moja tu.

"Kwa hivyo si kwamba Wilkister amechoka na mimi?"

Mburu akamwambia, "Baba, ni nini hiyo unasema?"

"Niliona chakula kimefungiwa. Mtoto amepelekwa kula jikoni. Nikajiambia, nimekula cha mtoto nikakimaliza, sasa nimekuwa mzigo. Mzigo hujitua wenyewe."

Wilkister, hicho ndicho alichokuwa akitafuna siku zile zote alizokuwa akikuambia asante mama. Mbuzi hazikumwita. Alidhani wewe ndiye unamfukuza kwa adabu, na yeye akataka kuondoka kwa adabu.

Niliposikia ulikwenda ukapiga magoti mbele yake kumwomba msamaha kwa zile kelele za nyuma ya tangi, na yeye akakuwekea mkono kichwani, nikajua kazi ngumu imeisha. Iliyobaki ni ya jikoni, na hiyo naiweza.

Nilikuambia uache kumpikia uji wako. Nikakuambia umwulize: baba, mama alikuwa anaupika vipi? Uliogopa utamchoma moyo. Nikasema mwulize, mtu aliyekaa jikoni na mkewe miaka yote hiyo ameona mengi. Ulimwuliza. Akaanza kusema, pole pole, kisha hakunyamaza: mahindi na wimbi, ule ulezi, viloweshwe pamoja, visagwe vikiwa vibichi, rojo liachwe kwenye kibuyu mahali penye joto mpaka lichache, lisikorogwe na mtu mwenye haraka. Ukaenda sokoni ukatafuta wimbi, ukasaga, ukachachusha. Kibuyu ulikosa, ukatumia ndoo, si neno.

Na asubuhi ya kwanza mlikaa wote wanne mezani. Ngendo akapewa kazi ya kumpelekea guka kikombe kwa mikono miwili. Ulisema Mburu alishindwa kumeza chake, alikuwa anamwangalia tu baba yake. Mzee akanusa. Akanywa kidogo. Mtoto akamwuliza, "Guka, ni tamu?"

"Hapana," mzee akasema. "Mwepesi. Na haujachacha sawa. Kesho nitaukoroga mimi."

Ulinipigia ukilalamika! Eti umejitahidi hivyo na ameusema vibaya. Ai, Wilkister! Mzee aliyekuwa akikuambia asante mama na kuinuka, leo amekusahihisha, na amesema kesho. Unataka zawadi gani tena?

Basi shika haya. Uji nao usizidi. Ni nafaka vilevile, una wanga, kwa hiyo kikombe kidogo, bila sukari, pamoja na yai au maharagwe kidogo na kipande cha nduma, yaani gimbi, na umwulize sista kama kipimo hicho kinamfaa. Tembe zinywewe vile zilivyoandikwa, hata siku anapojisikia nafuu. Kidonda kisafishwe na kuangaliwa kila siku, avae viatu akienda kwenye sukuma zako, na mumpeleke kliniki hii wiki bila kungoja mwisho wa mwezi. Mburu ndiye amsindikize, na wakiwa ndani sista aongee na mzee mwenyewe uso kwa uso. Akitamani Gatuanyaga, mpelekeni akaone mbuzi zake, alale siku mbili, mtoto aende naye, mumrudishe. Kutembelea si kuhama.

Na mzee akishika mwiko, Wilkister, ondoka jikoni. Usimwambie moto ni mwingi, usimwambie uji unashika. Kaa mezani na binti yako, mngoje kuandaliwa.

Mama Kaluki